JE, NI HALALI KUHARAKISHA SAA YA MTOTO?

Somo la mwezi huu lilikuwa liwe juu ya zaka, na wazee walikuwa wameliandaa pamoja nami. Lakini jambo limekuja mlangoni mwangu likaniondolea usingizi, nami nimeona niliandike hilo kwanza. Zaka haitakimbia.

Ninyi mnaokaa Rhino Camp mnajua kwamba nyumba yetu ya Pajulu, kwa kuwa iko karibu na mji, ndipo wanapofikia wamama wengi wanapotumwa hospitali kubwa ya Arua. Jumanne moja jioni alifika ndugu mmoja na mke wake. Ilikuwa mimba ya tano. Kadi ilionyesha kwamba bado wiki mbili na zaidi, naye alitumwa mapema kwa sababu mtoto wa nne alizaliwa kwa kupasuliwa, na kituo cha karibu nao hakina chumba cha upasuaji. Tulikula, tukaomba, kisha yule ndugu akaniita nje.

Akasema, "Pasta, Jumatatu ni mgao wa chakula. Watoto wanne nimewaacha kwa jirani, na jirani mwenyewe ana saba. Nimesikia hapa mjini kuna dawa ya kuamsha uchungu. Akizaa kesho, Jumamosi tumekwisha rudi. Uniombee, na kama una shilingi 20,000 unikopeshe."

Maombi na mkopo aliviomba kwa pumzi moja. Sikucheka. Huyu si mtu mbaya wala mvivu, na alikuwa akiwaza watoto wake wale nini. Nilimwambia tulale, tutazungumza asubuhi. Yeye alilala. Mimi sikulala, kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Kwanza niondoe kosa moja ambalo hata wahubiri wengine hulifundisha. Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa Mhubiri, katika sura ya 3, anataja wakati wa kuzaliwa, basi mtu akianzisha uchungu kwa dawa ameingilia kazi ya Mungu. Mimi sikubali. Mama mwenye kifafa cha mimba, ambaye damu yake inapanda na macho yanaona ukungu, akiachwa angoje siku yake anaweza kufa yeye na mtoto. Mama ambaye maji yamevunjika na uchungu hauji, mama ambaye wiki 41 zimepita, mama mwenye ugonjwa ambao mganga ameona unamzidi: hao kuanzishiwa uchungu hospitalini ni kuokolewa. (Kwetu Ituri mganga ni yule wa hospitali. Ndugu zetu wa Kenya wasishtuke.) Raheli alikufa njiani akizaa, katika Mwanzo 35, na hakuna aliyekuwa na namna ya kumsaidia. Tukiwa na namna tukaikataa kwa jina la imani, hiyo si imani.

Kwa hiyo swali langu si kama dawa ni halali. Swali ni hili: mama ni mzima, mtoto ni mzima, siku hazijatimia, na mtu anataka uchungu uje leo. Haraka hiyo ni ya nani? Na ikienda vibaya, ni nani atakayelipa?

Tuanze na miti, maana wengi wetu tunaanzia hapo. Vijana waliosoma hudharau dawa za bibi, wanasema ni maji ya majani tu. Wanakosea, na kosa lao ni la hatari. Miaka ya 1960, Kongo ilipokuwa katika machafuko baada ya uhuru, alifika kule daktari wa Norway aitwaye Lorents Gran katika kazi ya Msalaba Mwekundu. Aliona wamama walio katika uchungu wakinywa maji yaliyochemshwa na majani ya mmea unaoitwa kalata-kalata, na uchungu uliokuwa mlegevu ukaja kwa nguvu. Hakuwacheka. Aliuchunguza ule mmea, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akachapisha alichokipata: ndani ya yale majani mna kitu kinachobana kizazi kweli kweli. Tena ni aina ya protini, na protini kwa kawaida huharibika katika maji ya moto, lakini hiyo ilikuwa inabaki na nguvu yake baada ya kuchemka. Mwaka 1995 wanasayansi walionyesha sababu: imejifunga kama pete, haina ncha ya mwanzo wala ya mwisho, na kwa hiyo ni vigumu kuivunja.

Bibi zetu basi hawakuwa wajinga, dawa yao inafanya kazi. Na ndiyo maana naiogopa. Kitu kisicho na nguvu hakiwezi kumuua mtu, lakini hiki kina nguvu, na hakuna ajuaye kiasi chake. Majani ya mvua na majani ya kiangazi si sawa. Konzi ya shangazi mmoja si konzi ya mwingine. Hapa Uganda, kwa Baganda, kuna emumbwa, ule udongo uliochanganywa na miti ambao wajawazito huyeyusha katika maji, na kila mtengenezaji ana mchanganyiko wake. Mama akikwisha kumeza, hakuna mlango wa kukirudisha.

Sasa tuje kwenye kidonge, maana ndicho alichokuwa anakitaka yule ndugu. Kinaitwa misoprostoli. Kilitengenezwa kwanza kwa ajili ya vidonda vya tumbo, kisha wakaona kinabana kizazi. Ni dawa njema mahali pake: hutolewa kwa mama aliyekwisha kujifungua ili asitokwe na damu nyingi, na imeokoa wengi. Lakini sikieni hesabu hii. Kidonge kinachouzwa sana kina mikrogramu 200. Shirika la Afya Duniani, likieleza jinsi wataalamu wanavyoanzisha uchungu kwa kumeza dawa hiyo, linataja mikrogramu 25 kwa mara moja, yaani sehemu moja ya nane ya kidonge hicho. Mwuza dawa anayekukatia nusu kwa kisu juu ya meza amempa mke wako mara nne. Anayekupa kizima amempa mara nane. Na kwa mama mwenye kovu la upasuaji, shirika hilohilo linasema dawa hiyo isitumike kumwanzishia uchungu kabisa, kwa maana kizazi kinaweza kupasuka penye kovu. Mke wa yule ndugu alikuwa na kovu hilo. Mwuza dawa asingemwuliza, na mume hakujua kwamba ni neno la kusema.

Sindano nayo ni vivyo hivyo. Ile oksitosini ambayo nesi hukuchoma pajani mtoto akiisha kutoka, ili damu isimame, ndiyo hiyohiyo watu wanaiomba kabla mtoto hajatoka. Hospitalini, wakitaka kuanzisha uchungu, huipitisha katika dripu, tone kwa tone, na mtu anakaa karibu. Uchungu ukizidi, anafunga dripu. Ukichomwa yote kwa mara moja kwenye kliniki ya nyuma ya soko, utafunga nini? Tena dawa hiyo hutakiwa kukaa kwenye baridi. Ikikaa juani inapungua nguvu, mwuzaji anaona haifanyi kitu, anaongeza ya pili, na kumbe ile ya pili ni nzima.

Tukijua mwili unavyofanya tutaelewa. Kizazi kinapobana, damu inayomfikia mtoto kupitia kondo hupungua. Kinapolegea, inarudi. Mungu ameweka mapumziko kati ya uchungu na uchungu, na katika mapumziko hayo mtoto anapata pumzi yake. Dawa ikizidi, mapumziko yanaondoka. Mtoto anakuwa kama mtu aliyezamishwa mtoni, kila akitaka kuinua kichwa anasukumwa tena. Na kama mlango wa kizazi bado ni mgumu na umefungwa, nguvu yote hiyo inasukuma mlango uliofungwa. Mama aliyezaa mara nyingi, kizazi chake ni chepesi kupasuka kuliko cha mwanamwali.

Kuna jambo la siku pia. Tunasema "wiki mbili tu zimebaki", kana kwamba tunahesabu siku za Krismasi. Lakini tarehe iliyo kwenye kadi imehesabiwa kutoka hedhi ya mwisho, na ni wangapi kambini wanaoikumbuka? Mama aliyeshika mimba akiwa bado ananyonyesha huenda hakuona hedhi kabisa. Hata picha ya tumbo, ikipigwa mwishoni mwa mimba, inaweza kukosea kwa wiki mbili au tatu. Unayemwita wiki 38 anaweza kuwa 35, na mapafu ya huyo bado hayajakomaa. Hata kwa wale wenye hesabu sahihi, wanaozaliwa tarehe ileile iliyoandikwa ni wachache mno, kama 5 kati ya 100. Kupita tarehe kwa siku tatu au nne si kupitiliza.

Mtu ataniuliza, kama ndugu mmoja aliyehamishiwa Marekani alivyoniuliza kwa simu: "Mchungaji, mbona huku mke wangu walimwanzishia wiki ya 39, na ni mzima?" Ni kweli. Kule mwaka 1990 walioanzishiwa uchungu walikuwa karibu 1 kati ya 10, na miaka 20 baadaye wakawa zaidi ya 1 kati ya 5. Mwaka 2018 ulitoka utafiti mkubwa wa kule, wa wamama zaidi ya 6,000 wenye mimba ya kwanza, walio wazima. Walioanzishiwa wiki ya 39 hawakupata watoto wenye shida kuliko waliongoja, na waliopasuliwa walikuwa wachache kidogo: kama 19 kwa 100, na kwa waliongoja kama 22. Siufichi utafiti huo kwa sababu unapingana na hofu yangu. Lakini tazameni chumba walimolala. Siku zao zilihesabiwa kwa picha ya mapema. Moyo wa mtoto ulikuwa ukisikilizwa na mashine. Chumba cha upasuaji kilikuwa palepale. Shirika la Afya Duniani, linaloandikia dunia nzima pamoja na sisi, linashauri kwamba mama mwenye mimba isiyo na shida asianzishiwe kabla ya wiki 41, na kwamba anayepewa dawa hizi asiachwe peke yake hata kidogo. Ndugu yangu wa Marekani hakununua kidonge, alinunua chumba. Sisi tunauziwa kidonge bila chumba.

Sasa nieleze kwa nini sikulala. Mke wangu ameniruhusu kuandika haya, baada ya kuyasoma mara mbili.

Mwaka 2011 nilikuwa mwaka wa mwisho wa chuo cha Biblia, upande wa Kongo. Mahafali yalikuwa yamepangwa, na mke wangu alikuwa na mimba ya pili. Nilitaka awe amezaa, amepata nguvu, akae mbele siku ile amevaa kitenge kipya, mtoto mkononi. Hiyo ndiyo ilikuwa haraka yangu. Sikuwa na njaa, wala mgao, wala watoto kwa jirani. Nilitaka picha nzuri. Nilikwenda kwa mtu anayeuza dawa sokoni, akanipa vidonge viwili bila boksi, nikamwambia mke wangu kwamba vimetoka kwa mganga. Alinywa kwa sababu alimwamini mume wake.

Uchungu ulikuja usiku, haukupumzika. Tulipofika kwenye kituo, mkunga aliweka mkono tumboni, akangoja kilegee, hakikulegea. Akanigeukia mimi, akauliza, "Amekunywa nini?" Nikasema, "Hakuna."

Nilikuwa nimefundishwa miaka mitatu juu ya kweli. Nilikuwa nimehubiri juu ya Anania na Safira. Mkunga akauliza mara ya pili, na mara ya pili nikasema hakuna, kwa sababu mbele yake niliona si mke wangu bali jina langu. Mtoto alitoka rangi ya bluu, hakulia kwa muda mrefu. Mke wangu alitokwa na damu hadi akapoteza fahamu. Wote wawili waliishi. Mahafali nilikwenda peke yangu, na picha ninayo.

Mtoto huyo mnamfahamu. Ndiye anayeshika kapu la sadaka, anayetembea akiburuta mguu wa kulia, ambaye mnangoja kwa upole amalize neno. Hakuna daktari aliyeniambia kwamba ni vile vidonge, wala hakuna awezaye kuniapia kwamba si vyenyewe. Yeye mwenyewe aliniuliza akiwa na miaka kumi kwa nini mguu wake uko hivyo. Nilimjibu kweli. Alikaa kimya, kisha akauliza kama siku ile ya mahafali kulikuwa na keki.

Kwa hiyo siandiki kama mtu aliyesimama mbali. Na ninalolijua kutoka ndani ni kwamba haraka ilikuwa yangu, na aliyelipa si mimi. Baba ana safari, mama mkwe anataka kurudi kwake, mwuza dawa anataka shilingi zake, na wote hao watalala usiku bila kidonda. Mwenye kidonda ni yule ambaye hakuulizwa, na mwingine ambaye hawezi kuulizwa kwa kuwa hajazaliwa. Mtu akijihatarisha mwenyewe kwa haraka yake, tutamshauri tu. Akimhatarisha mwingine, na huyo mwingine hana la kusema, hapo tumetoka kwenye ushauri tumeingia kwenye haki.

Tuliokimbia tunapaswa kulielewa hili kuliko wengine. Mke wa Finehasi, katika 1 Samweli 4, alishikwa na uchungu ghafula aliposikia habari mbaya za vita, na akafa. Wengi wenu mlizaa njiani, chini ya miti, kwa sababu risasi zilikuja kabla ya siku zenu. Hakuna aliyewauliza. Mariamu naye alijifungulia ugenini kwa sababu mfalme alitaka hesabu ya watu wake. Tumejua uchungu ulioletwa na amri ya mtu mwingine. Itakuwaje sisi wenyewe tuwe ndio mfalme nyumbani mwetu?

Wakunga nao nawakumbusha Shifra na Pua, katika Kutoka 1. Hao waliamriwa jambo baya na mtu mwenye nguvu kuliko wote katika Misri, wakakataa. Mume anayekuja na shilingi mkononi akisema "mchome tu" si Farao, anakataliwa kwa urahisi zaidi.

Wamama, ninyi nina ombi moja kwenu, na hili likumbukwe hata kama mengine yote mtayasahau. Ukiwa umekwisha kunywa kitu, mti au kidonge, umepewa na mama mkwe au umejinunulia mwenyewe, mwambie mkunga mara ufikapo. Mwambie hata kama aliyekupa amesimama hapo. Mkunga akijua, ana namna ya kujilinda asiongeze dawa juu ya dawa, na ataita gari mapema. Kanisa halitamtenga mama yeyote kwa kusema hivyo. Wazee wamekubaliana nami, na imeandikwa katika daftari la kikao.

Lakini kukemea peke yake ni rahisi. Asubuhi ile ya Jumatano mke wangu alimpeleka yule mama hospitalini. Mkunga aliangalia kovu, akaangalia kadi, akasema hakuna sababu ya kumharakisha, daktari atamwona tena wiki ijayo, na akiona dalili yoyote aje saa hiyohiyo. Kisha tukakaa na mume tukaichambua ile haraka yake. Mgao: kidole chake peke yake kinatosha, mama si lazima awepo. Watoto: anarudi kwao. Kilichobaki ni kwamba aliogopa kumwacha mke mjini, usiku, bila mtu wa kumshika mkono na kuita boda. Haraka yote ile, ukiifungua, ndani yake kulikuwa na mtu mmoja aliyekosekana. Binti wa mzee wetu mmoja amekubali kulala naye. Na zile shilingi 20,000 nilimpa, akapanda nazo gari la kurudi kambini.

Wazee wa kila kundi waniletee, kabla ya Jumapili ya mwisho wa mwezi, majina ya wamama walio katika miezi miwili ya mwisho, pamoja na jina la mtu mmoja atakayebaki na watoto wao na mwingine atakayefuatana nao. Mwenye chumba cha ziada hapa Pajulu aniambie pia, chetu ni kidogo.

Yule ndugu amepiga simu jana jioni. Mgao ameupata, ingawa alisimama kwenye mstari tangu alfajiri. Akauliza, "Bado?" Mke wangu akamjibu, "Bado. Leo ametwanga muhogo." Akasema sawa, atapiga tena kesho.